Harufu ya Pilau Kwenye Nguo za Baiskeli

Jumamosi, mwisho wa Septemba 2014. Flemingdon Park, Toronto.

Leo mbingu ilikuwa safi, na jua lile la uongo la Septemba, linang'aa lakini halipashi. Roho yangu imekuwa juu juu wiki nzima. Sababu ninayo, na nataka kuieleza kabla sijapoa, maana mimi nikipoa nasamehe ovyo.

Mume wangu, Baba Rehema, alirudi Jumapili iliyopita kutoka Ufaransa. Alikwenda kuendesha baiskeli.

Ndiyo. Umesoma vizuri.

Si mashindano, si kazi, si mkutano. Mtu mzima, fundi viyoyozi, mwenye binti wa miaka kumi na tano, amechukua likizo yake yote ya mwaka, akaifungua baiskeli vipande vipande, akaitia kwenye boksi na kupanda nayo ndege mpaka Marseille. Kutoka hapo akaingia milimani na wenzake, wale anaoendesha nao kila Jumamosi kwenye bonde la mto Don, hapa chini ya maghorofa yetu. Wiki nzima na ushee wanapanda na kushuka misitu ya watu, kwa hiari yao wenyewe.

Nilipomwambia dada yangu Zuhura, aliyeko Tanga, alinitaka nirudie mara mbili. Halafu akaniuliza kama tiketi nimeiona kwa macho yangu. Baba Rehema kwao ni Lushoto, na Lushoto baiskeli ni ya kushushia kabichi. Hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kupanda baiskeli kwa raha, sembuse kuipandisha ndege. Dada akaniambia nijiulize vizuri, huko porini kuna nani.

Nilicheka. Nilikuwa bado namwamini.

Mambo ya baiskeli mimi nimeyazoea. Ana miaka mitano sasa na ugonjwa huo. Jumamosi anashuka bondeni asubuhi, anarudi mchana na tope mpaka masikioni, amefurahi kama mtoto aliyetoroka madrasa. Wakati wa baridi baiskeli inatundikwa ukutani juu ya sofa, na wageni wakija nasema ni mapambo. Sijawahi kulalamika. Kila mtu na kichaa chake.

Lakini safari hii alirudi vingine.

Baiskeli niliikuta safi. Si kufutwafutwa, safi kabisa, hata kwenye meno ya matairi hakuna punje ya udongo. Nikamuuliza, huko Ufaransa mlikuwa mnaendesha juu ya zulia? Akajibu hapo hapo kwamba uwanja wa ndege wa huku hawataki udongo wa nchi za watu, kwa hiyo kabla ya kuondoka wameisugua kwa brashi. Jibu lilikuwa tayari mno. Mtu asiye na neno hufikiri kidogo kwanza.

Halafu nikaona mkono wake. Kwenye kifundo, upande wa ndani, ana alama ndefu, nyembamba, inang'aa. Akasema ni mwiba wa porini. Mimi ni mtu wa jikoni, ninazo alama tatu za aina hiyo mwenyewe. Huo ni ukingo wa sufuria la moto. Mwiba unachana, hauunguzi. Nikaweka akilini.

Na kitambi kilikuwa pale pale. Mtu amepanda milima zaidi ya wiki na kitambi hakijapungua hata kidogo. Alikuwa analishwa na nani?

Jibu nililipata Jumatatu, nilipokuwa natenganisha nguo za kufua. Zile fulana zake za baiskeli, zinazombana kama soksi, nilizitegemea zinuke jasho. Nikainua moja, nikainusa, nikakaa chini.

Vitunguu vilivyokaangwa vikakauka. Karafuu. Mdalasini. Bizari nyembamba. Harufu ilikuwa imeingia kwenye nyuzi kabisa, kama nguo zilizotundikwa karibu na jiko siku baada ya siku.

Pilau. Ufaransa. Porini.

Nilimtumia dada ujumbe wa sauti. Hakuchukua muda. Akasema neno moja: Marseille. Na mimi nilikuwa nimeshalifikiria. Marseille imejaa Wangazija kutoka Komoro, kila mtu wa pwani anajua hilo. Akina mama wanaojua kuosha mchele, wenye vibao vyao vya mbuzi vya kukunia nazi na karafuu zao kutoka nyumbani. Kama angekuwa Mzungu nisingehangaika, Mzungu angemlisha jibini akamchoka. Lakini Mswahili mwenzangu, mwenye sufuria lake! Na wala sina ubaya na Wangazija. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na damu ya huko, ndiyo maana nikaogopa. Najua wanavyopika.

Kwa maana niseme wazi: Baba Rehema hapiki. Miaka kumi na saba ya ndoa sijamwona akikaanga yai. Mama yake aliniambia tangu siku za mwanzo kwamba mwanawe maji yenyewe anaweza kuyaunguza, na mimi nikaipokea hiyo kama sehemu ya mahari. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, siku nzima nainua watu, nageuza watu, naogesha watu. Narudi kwa basi la Eglinton nimesimama, nikifika navua viatu, naingia jikoni. Ramadhani ya mwaka huu jua lilikuwa linazama saa tatu usiku. Nilikuwa nasimama mbele ya jiko na saumu yangu na miguu imevimba, nasonga ugali wa daku na kukaanga vya futari, na yeye sebuleni anauliza kama uji umeshapoa.

Kwa hiyo nguo za mtu huyo zikinuka pilau, kuna mwanamke. Ungefikiri nini wewe?

Wiki nzima nikawa namchunguza. Jioni alikuwa anatuonyesha picha kwenye simu na kutusimulia. Niseme haki, alisimulia vizuri. Milima inaitwa Cévennes. Wanaanza asubuhi juu kabisa, kwenye ukungu, halafu njia inateremka ndani ya msitu wa miti ya zile njugu kubwa ambazo Wazungu wanachoma wakati wa baridi, maganda yake yametapakaa chini kama nungunungu wadogo. Njia zenyewe ni za zamani, za kondoo na punda, zimejengwa kwa mawe, na tairi likiteleza kidogo tu unauona mto uko chini kabisa, kijani kibichi, kuta za mwamba huku na huku. Tai wanazunguka juu yao. Wakifika chini wanavua viatu, wanaingia mtoni na nguo zao.

Rehema alimwuliza kwa Kiingereza kama aliogopa. Baba yake akasema aliogopa mpaka akasoma kila dua aliyofundishwa.

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Picha zote zilikuwa za asubuhi na mchana. Hakuna hata moja ya jioni. Kila siku inaanza, inafika mtoni, inakatika. Nikamuuliza, jioni mlikuwa mnafanya nini? Akasema wanalala, wamechoka. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

Dada Zuhura alikuwa anasubiri huko Tanga kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Kila siku ananiuliza nimegundua nini.

Leo asubuhi nikaamua. Baba Rehema alipokwisha kutoka na baiskeli yake, nikachemsha chai ya maziwa na tangawizi, nikaitia kwenye chupa kubwa, nikamwambia Rehema nampelekea baba yake chai. Mtoto aliinua kichwa kutoka kwenye simu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, tangu lini. Hata yeye hakuniamini.

Nikashuka. Nyuma ya majengo yetu kuna njia inayoteremka mpaka mtoni, wengi wa huku juu hawaijui, au wanaijua na hawaitaki. Pindo la baibui nimelikunja mkononi, miguuni raba. Mipapai ya huku, nayo naiita mipapai kwa umbo la majani yake, maana jina lake silijui, imeanza kuwa myekundu kwenye ncha. Mara mbili baiskeli zilinipita, nikajibanza kwenye majani. Moyo ulikuwa unanidunda, na haukuwa mlima, maana nilikuwa nateremka.

Niliwakuta karibu na daraja, wamekaa juu ya magogo wanapumzika. Baba Rehema aliponiona alisimama. Rangi ilimtoka. Miaka kumi na saba, naujua uso huo, ni uso wa mtu aliyefumaniwa. Nikasema moyoni, haya, leo ndiyo leo.

Nikawasalimia, nikaanza kumimina chai kwenye vikombe vya karatasi, nikitafuta ni nani kati yao. Wanawake walikuwa wawili. Mmoja msichana mdogo, hakuwa hata amekwenda Ufaransa. Wa pili anaitwa Monique, mama wa makamo, nywele nyeupe, miguu imejaa tope na mikwaruzo. Yeye ndiye aliyepanga ile safari. Aliposikia mimi ni nani, akaja akanikumbatia na tope lake lote.

Akasema alitaka kuniona siku nyingi, anishukuru. Nyumba nzima ilikula vizuri kwa ajili yangu.

Nikamuuliza, ilikula nini?

Hapo Baba Rehema akaingilia kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Mama Rehema, twende nyumbani, nitakueleza."

Nikamwambia sina haraka. Monique alikuwa ameshatoa simu yake.

Picha ya jioni, hatimaye. Uani kwa nyumba ya mawe, mlima nyuma, jua linazama. Moto umewashwa kati ya mawe matatu na juu yake sufuria, kubwa, jeusi. Aliyechuchumaa pembeni ni mume wangu, fulana ile ile ya baiskeli, taulo la vyombo begani, anapalia makaa juu ya mfuniko. Nyuma yake watu na sahani zao wamejipanga kama wako shughulini. Na juu ya ukuta mdogo, karibu na goti lake, chupa yangu ya kahawa yenye mwandiko wangu: BIZARI.

Nilikuwa nimemgombeza Rehema nikidhani yeye ndiye aliyeipoteza chupa ile.

Niliitazama picha hiyo muda mrefu. Mtu asiyejua kupika hapalii makaa. Hajui hata kwamba makaa yanapaliwa. Anayepalia ni yule anayejua pilau linataka moto wa juu likauke, punje ziachane, na anayejua atoe makaa mangapi chini. Hicho si kitu cha kujifunza kwa siku moja ukiwa Ufaransa.

Monique akaendelea kusimulia, hana habari, anadhani mimi ndiye niliyemfundisha. Walipanga kila mtu apike siku yake. Wa kwanza alipika tambi, wa pili akazirudia. Siku ya tatu ilikuwa ya mume wangu. Baada ya hapo wakamwambia asioshe chombo, asifagie, asichote maji, apike tu. Na ndiyo, baiskeli waliziosha wote, uwanja wa ndege unadai.

Nilishusha pumzi. Hakuna Mngazija. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika bonde lile.

Halafu nikaielewa ile picha.

Afadhali ningemkuta Mngazija. Nasema kweli. Mwanamke mwingine ungesema shetani, ungesema ujana unamrudia, ungewaita wazee wa pande zote mbili mkazungumza. Lakini hili utalipeleka kwa nani? Kwamba mtu alijua, miaka yote, akakaa sebuleni?

Tulipanda kurudi nyumbani, yeye anasukuma baiskeli, mimi na chupa tupu. Alinieleza bila kuniangalia. Alipokuwa kijana aliishi Tanga mjini kwa mjomba wake, na mjomba alikuwa mpishi wa shughuli, wale wanaume wanaoitwa kwenye harusi na maulidi kupika masufuria ya watu mia mbili. Ijumaa na Jumamosi alikuwa anakwenda naye. Kukata nyama, kuchambua mchele, kupalia. Mama yake hakupenda, ndiyo maana akawa anasema mwanawe anaunguza maji.

Nikamuuliza, sasa nyumbani kwako ulishindwa nini?

Akasema ile ni shughuli, na hii ni nyumba. Sufuria la watu kumi na moja, nje, kwenye moto wa kuni, ni kazi ya mwanamume. Sufuria la watu watatu kwenye jiko la umeme ni kitu kingine. Alisema hivyo kwa dhati kabisa, mtu mwenye akili zake. Na la ajabu ni kwamba nilimwelewa. Sisi sote tumekua tukiona hivyo, wanaume wakipika harusini na kesho yake wakisubiri kuandaliwa.

Halafu akasema jambo la pili. Alisema yeye akikaanga yai nyumbani, dada yangu Zuhura atalisikia likiwa bado la moto. Akishalisikia yeye, kabla ya magharibi limefika Lushoto kwa mama yake, kwamba mwanawe huko Canada amegeuzwa mpishi. Ndiyo maana alizifuta picha. Ndiyo maana ya mwiba.

Kweli, dada yangu angelitangaza.

Lakini nilikaa kwenye ngazi za mbao za njia ile, nusu ya mlima, nikalia. Watu wakapita na mbwa wao. Baba Rehema aliilaza baiskeli kwenye majani akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Nimechoka," nikamwambia. "Ulikuwa hunioni?"

"Nilikuwa nakuona," akasema. "Nilishazoea."

Hiyo ndiyo kauli ya kweli kuliko zote alizonipa wiki hii, na ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Hakuomba radhi hapo. Aliiokota baiskeli, akaninyooshea mkono, tukamaliza ngazi.

Tulipofika nyumbani sikuvua hata baibui. Nilipanda juu ya kiti nikashusha lile sufuria kubwa tunalotumia Idi, ambalo mwaka mzima linakaa juu ya kabati na vumbi lake. Nikaliweka mbele yake. Nikamwambia hili ni la watu ishirini, si la nyumbani, hili ni la shughuli, kwa hiyo liko chini ya mamlaka yako. Pika tule wiki nzima.

Alicheka, akadhani na mimi nitacheka. Sikucheka. Akaenda kunawa mikono.

Tulikubaliana pale pale, yeye anamenya vitunguu. Mimi nilitaka kila Jumamosi, na Ramadhani nzima. Ramadhani alivuta pumzi, lakini akakubali. Yeye alitaka kitu kimoja tu: Dada Zuhura asijue. Nikaapa.

Basi nikakaa kwenye sofa. Sikujua kukaa. Nilikuwa nasikia kisu kinavyokwenda, haraka, sawasawa, kisu cha mtu wa kazi, na kila nikitaka kuinuka namwona Rehema ananitazama. Pilau lilipoiva akala sahani mbili, mtoto huyu ambaye kwangu anachokoachokoa. Akauliza kama tunategemea wageni.

Na nitaliandika hapa kwa sababu dada yangu hasomi, anasema kuandika mambo yako mtandaoni ni kazi ya watu wasio na ndugu. Pilau la Baba Rehema ni tamu kuliko langu. Nyama inaachia mfupa yenyewe. Nilikula huku nimekasirika, nikaongeza.

Sasa namtazama upya. Mtu aliyeweza kuficha pilau miaka kumi na saba, ni nini kingine anachokijua? Anajua kupiga pasi? Anajua kusuka? Sina amani hata kidogo.

Tumemaliza kula, yeye akabaki jikoni anapakua kiporo kwenye vibakuli, ndipo simu ikalia. Dada Zuhura. Kwao watu wameshalala, lakini yeye hakulala, anasubiri.

Akauliza nimegundua nini. Nikamwambia hakuna kitu, alikuwa anaendesha baiskeli. Na Baba Rehema hapo hapo akaangusha mfuniko wa lile sufuria la Idi, ukazunguka sakafuni mpaka ukachoka.

"Nani huyo yuko jikoni?" dada akauliza.

Baba Rehema alisimama mlangoni na mwiko mkononi, ananitazama. Sijawahi kumwona na uso ule, hata siku ya posa.

"Mimi," nikasema.

Dada akavuta pumzi. Alinilea yule, ananijua.

"Mbona sauti yako ni ya mtu aliyekaa?"

Nikasimama. Sijui kwa nini, lakini nilisimama kabisa, nikaanza kusogeza viti ili zisikike kelele. Akaniaga kwa upole, na upole wa Dada Zuhura ndio wa kuogopwa. Kesho atapiga ile simu ya kuonana nyuso, aone jiko lote na lile sufuria la Idi, na mimi niliyeapa, nitaushika vipi mwiko mbele yake kama mtu aliyepika pilau lile?